Kitufe cha Kunyamazisha

Ta. Ta. Ta.

Ukucha juu ya meza, alfajiri, nje bado kiza. Nilidhani panya kaingia kabati la vyombo.

Nikatoka na kandambili mkononi. Nikamkuta mjukuu wangu kalalia meza, macho kafumba, kidole kinagonga mbao.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Nazima kengele, bibi," akajibu usingizini.

Nilikaa chini nikalia. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo mpaka leo haijapoa. Ndiyo maana naandika.

Mjukuu wangu ni opareta. Anakaa chumba cha skrini katika kiwanda cha kemikali, anaangalia matanki ya tindikali. Tanki likikaribia kujaa, kengele inalia na skrini inaandika shida ni nini. Opareta anatakiwa asome, afunge valvu inayoingiza tindikali, ndipo anyamazishe kengele.

Yeye alinyamazisha tu.

Kelele ikakoma, akajua mambo poa. Tindikali ikaendelea kupanda kimyakimya mpaka ikafurika, ikammwagikia fundi wa pampu aliyekuwa chini akikaza nati. Ikamuunguza miguu yote miwili.

"Kwani mlifundishwa nini?" nilimuuliza alipoamka.

"Kitufe, bibi."

"Kitufe na nini?"

"Kitufe tu. Mwalimu alisema, wala msihangaike, ikilia bonyeza hapa. Eti kazi hii hata mama mfagiaji aliiweza."

Mafunzo yalikuwa ya siku kumi. Walifundishwa asubuhi moja. Kisha ikaletwa karatasi yenye tarehe kumi, wakasaini zote kwa mkupuo, kalamu moja ikipita mkono kwa mkono.

Na saa nne ya siku ile niliyomkuta mezani, meneja alimtaka aende asaini nyingine: kwamba alifundishwa kikamilifu, kosa ni lake peke yake. Akisaini tu, msala wote ni wake.

Nikavaa viatu vyangu vya kutokea.

"Bibi, usije ukaniharibia."

"Yameshaharibika. Twende."

Kiwanda kile nakijua. Chumba kile cha skrini nimekifagia miaka kumi na tisa. Mlinzi wa getini alinikumbuka, akanipa kiti chake nipumzike kidogo. Mungu ambariki. Sikukaa.

Mwalimu tulimkuta mlangoni kwa meneja. Akainama. "Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Kumnyima mtu marahaba ni jambo zito, nami nilimnyima.

"Umewafundisha watoto wa watu kuzima kengele bila kusoma. Upuuzi huo uliutoa wapi?"

"Nimewafundisha nilivyofundishwa."

"Na nani? Nimtafute leo hii."

Akanitazama sana. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Na wewe, mama."

Mjukuu wangu akanigeukia.

Nikakumbuka. Zamani hizo mwalimu huyu alikuwa opareta mgeni, mwanawe mgonjwa, anakuja zamu macho mekundu, anasinzia kitini. Nilimwonea huruma. Kengele ikilia, naegemeza ufagio, nabonyeza kitufe asiamke. Wakubwa wake walifanya hivyohivyo, nami niliwaona. Siku moja alishtuka akataka kuinuka, nikamwambia, "Wala usihangaike, mwanangu. Ikilia, bonyeza hapa."

Maneno yangu yaleyale. Mama mfagiaji ni mimi.

Hasira niliyombebea mwenzangu ikanigeukia mwenyewe. Wala haikupungua uzito.

Nikaingia kwa meneja bila kubisha hodi.

"Lete karatasi. Nasaini mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu wa mwalimu."

Akacheka. Sikucheka. Nikaandika kwa herufi zangu kubwakubwa kwamba miaka mingi mfagiaji alikuwa akizima kengele za tindikali mbele ya wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anafanya nini.

Mwalimu akaichukua kalamu. Akaandika chini yangu: siku kumi zilikuwa asubuhi moja, kwa amri ya meneja.

Meneja akaacha kucheka.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia mwalimu.

Mjukuu wangu hakusaini. Amesimamishwa kazi, na mambo hayajaisha. Wenzake wameanza upya, siku ya kwanza ya kumi, na mwalimu yuleyule haruhusu mtu aguse kitufe kabla hajasoma skrini kwa sauti.

Ninyi mnaosoma, nawaambia hivi: kelele ikikoma, usiseme hatari imekwisha. Na ukimwonea mtu huruma, uliza kwanza nani mwingine yuko chini ya tanki.

Siku ile, kabla ya kurudi nyumbani, tulipita hospitali. Fundi alikuwa kafungwa bandeji mpaka magotini. Mjukuu wangu akagota mlangoni.

"Ndiwe binti wa skrini?" fundi akauliza.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Hayo baadaye. Ile kengele ilikuwa inasema nini?"

Akamweleza polepole: tanki, kimo cha tindikali, valvu ya kufunga. Fundi akasikiliza mpaka mwisho.

"Miaka minane niko chini ya matanki yale," akasema. "Naisikia inalia, inanyamaza. Ikinyamaza nilikuwa nashukuru, nasema huko juu kuna mtu ananiangalia."

Mjukuu wangu akainamisha uso. Mimi pia.

"Ziko kengele ngapi?"

"Arobaini na moja. Bado sizijui zote."

Fundi akasogeza mkono wake kitandani, akamwachia nafasi ya kukaa.

"Umenieleza moja. Nenda kazisome hizo nyingine, halafu njoo tena."