Kichupa Kilichoanikwa Juani

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri niliondoka nyumbani Voi na chupa ya chai isiyo na chai. Ndani yake mlikuwa na barafu, na katika barafu kichupa cha choo changu. Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, nami mwaka huu nimefikia umri aliokuwa nao alipougua. Nilikuwa nimesoma kwamba uvimbe mdogo, hata kabla haujawa saratani, huweza kuvuja damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo huitambua kwa protini yake, na protini hiyo huharibika kwa joto.

Saa mbili nilishuka basi Makupa, Mombasa, nikachukua tuktuk hadi Mji wa Kale. Maabara ya kipimo hicho iko Tudor na hufunguliwa saa nne, basi nikapita kumwamkia Bi Swafiya, aliyenipangisha chumba nilipofanya kazi reli.

"Shikamoo, Bi Swafiya."

"Marahaba, baba. Karibu ndani, ukaoge uondoe vumbi."

Nilipotoka bafuni, chupa yangu ilikuwa imeoshwa na kujazwa chai ya tangawizi. Nyumba ile chombo cha mgeni hakitoki kitupu. Kichupa kilikuwa dirishani, juani.

"Dawa yako ilikuwa yarowa, nimeianika."

"Si dawa, Bi Swafiya. Ni choo changu."

Alitazama mikono yake, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mtu mzima wewe, watia choo katika chupa ya chai!"

Ningeweza kukipeleka vilevile, maabara wasingejua. Lakini protini iliyoharibika ingeniambia mimi ni mzima hata kama si mzima. Nikanunua kichupa kingine kwenye duka la dawa.

"Basi kula," akasema, akiniwekea mahamri na mbaazi za nazi. "Hutoki hapa mpaka upate choo kingine."

"Polepole, Bi Swafiya."

"Polepole gani? Maabara yafunga saa nane!"

Saa saba na robo nilikuwa Tudor, kichupa kipya kikiwa ndani ya barafu. Jioni nikarudi Voi.

Siku ya tatu walinipigia simu: protini ipo. Wiki iliyofuata nilirudi Mombasa, daktari akapitisha kamera utumboni, akakuta uvimbe mdogo kama punje ya hindi, akauondoa papo hapo. Ulipopimwa, haukuwa umegeuka saratani. Nilipompigia kumweleza, Bi Swafiya alipiga vigelegele hadi nikaweka simu mbali na sikio.

Nimejifunza kwamba jibu la kufurahisha kutoka kwa kipimo kibovu si jibu. Wadogo zangu wawili nao wamekwenda kupimwa. Kichupa kilichoharibika kilikuwa cha shilingi mia nane, na hiyo ndiyo hasara yote.