Maporomoko Tuliyochora na Baba

Kiharusi kilipomshika baba mkono wa kulia, nyumbani kwetu Nyahanga kulikuwa na picha moja ambayo hakuwa ameimaliza: maporomoko ya maji katikati ya msitu, kwa rangi za mafuta. Maisha yake yote alikula kwa kuandika mabango ya maduka na ya wanunuzi wa dhahabu. Picha ile haikuwa ya mteja.

Siku moja akaniita. "Mayu," alisema, yaani mama kwa lugha yetu, ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Shika brashi. Mimi nitasema."

Miti ilikuwa tayari, yalibaki maji. Nikachota rangi nyeupe, nikaishusha kutoka juu hadi chini. Baba akatikisa kichwa.

"Hiyo ni shuka imeanikwa. Futa."

Nikafuta kwa kitambaa chenye tapentaini. Akanielekeza nianze na weusi wa miamba, kisha kijivu, na nyeupe kidogo tu pale maji yanapogonga jiwe. Ulimi wake ulikuwa mzito. Nilimwomba arudie mara kwa mara, naye hakukasirika. Jioni baada ya jioni tuliendelea hivyo. Mimi nimekulia kwenye mbuga hii kavu. Maporomoko sijawahi kuyaona.

"Wewe uliyaona wapi, baba?"

"Tukuyu. Nilipokwenda kumposa mama yako."

Mama alifariki kabla sijajua kutembea, na baba hakuwa mtu wa kumzungumzia. Nikaweka brashi chini. Kwa mkono wa kushoto akanionyesha jiwe bapa kando ya maji. Alisema mama alikaa pale akiosha miguu, akamcheka kwa viatu vyake vya mjini vilivyojaa tope.

"Nimchore?"

"Sura yake imenipotea, mayu. Acha jiwe tupu."

Nikaliacha.

Baba alifariki wiki ile ile tuliyomaliza. Rangi za mafuta hukauka taratibu, na waombolezaji walipojaa sebuleni, picha ilikuwa bado mbichi. Shangazi aliihamisha kupisha mikeka, dole gumba lake likazama kwenye maji. Akaanza kulia upya, akidhani ameharibu kazi ya kaka yake.

"Haijaharibika, shangazi," nilimwambia. Nikampangusa kidole kwa kanga yangu, tukakaa pamoja mkekani.