Gitaa Langu Si la Mtoto

Eti gitaa nililochagua leo mjini Mugumu ni la mtoto!

Muuzaji ananisukumia lile kubwa. Shingo ya gitaa hilo pana, vidole vyangu havizunguki. Na kwenye bodaboda hadi kwetu Kisaka nalibebaje?

Nikakataa.

Mzee mmoja mpiga litungu, kinubi chetu cha asili, akadakia, "Binti, nyuzi ni za wanaume."

Nilishamwamkia, heshima yake anayo. Nikampa lile gitaa dogo apige yeye.

Akalisimamisha mapajani kama litungu, akadonoa kwa mikono miwili, shingo hakuigusa kabisa.

"Sasa hii shingo ya nini?" akauliza.

Nikalichukua, nikabana nyuzi shingoni, nikapiga wimbo wa harusi wa kwetu.

Mabega ya mzee yakaanza kucheza. Nilipomtazama, akayatuliza.

Nimekuona, mzee.

Nimelinunua. Jumamosi kuna harusi kwetu, nalipiga huko, mbele ya wanaume wote. Anayebisha aje na mabega yake.