Ngoma Zilizomzika Mama

Watu wakifika studio kwangu, hapa Tukuyu, huniuliza fundi mitambo yuko wapi. Huwa nawajibu kwamba ametoka kidogo, wakae wamsubiri. Nikishavaa hedifoni na kuanza kazi ndipo wanapoangaliana. Zamani nilikuwa najieleza kwamba hata mwanamke anaiweza kazi hii. Siku hizi sina muda huo. Nimerekodi kwaya, matangazo ya mbolea na harusi chungu nzima, na sasa kazi yangu kubwa ni kuchanganya muziki wa filamu. Mtunzi ananitumia vinanda, ngoma na waimbaji, kila sauti peke yake, mimi naamua ipi ije mbele na ipi ikae nyuma.

Ujuzi huu niliupata Dar es Salaam. Niliporudi nyumbani, wenzangu walisema nimejizika mwenyewe, hakuna filamu itakayopanda milima kunifuata, tena na mvua ile. Kwenye mvua walisema kweli. Ikipiga bati, huwezi kurekodi hata kikohozi. Nikaagiza magunia ya pumba za mpunga kutoka Kyela, nikayapanga juu ya dari, nikaziba kila tundu. Sasa inyeshe inavyotaka. Na filamu zimenifuata huku huku.

Mama alifariki nyumbani kwake, Kisondela. Kwetu msibani ngoma hupigwa. Kwaya ikishaimba na mchungaji akishamaliza yake, wanaume hushika ngoma na kucheza kwa vishindo, utadhani wanagombana na kifo chenyewe. Mgeni akipita barabarani anaweza kufikiri kuna harusi. Mama alikuwa ameagiza mapema kwamba asizikwe kimyakimya.

Nami nilikwenda na kinasa sauti. Nilikivisha soksi upepo usiingie, nikasimama kwenye migomba na kukielekeza kwa wapiga ngoma. Mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, akaniona. Alikuwa analia kwa sauti, akimwita dada yake, akaacha kulia akanijia.

"Gwe! Mama yako yumo kwenye jeneza, wewe umeshika kidude? Zima!"

Sikuzima. Machozi yalinitoka kama kila mtu, lakini mkono wenye kinasa sauti niliunyoosha vile vile. Wapo waliosema mji wa Dar umenitoa adabu. Waseme. Waliojua kuchimba walimchimbia mama kaburi, waliojua kupika walipikia waombolezaji, na mimi ninachojua ni kusikiliza. Mama mdogo alininunia muda mrefu.

Baadaye ikaja filamu moja iliyopigwa Suma, huku huku kwetu. Ndani yake mzee mkulima anakufa, na kuna mazishi. Mtunzi alikuwa ameweka kinanda pale, kile kinanda cha huzuni ambacho lazima kilie kila filamu inapomzika mtu. Nilikisikiliza mara moja nikapandwa na hasira. Picha inaonyesha migomba ya kwetu, jeneza la kwetu, wanaume wa Suma wanacheza kweli kweli, jasho linawatoka, halafu sauti yao imekatwa wamewekewa kinanda!

Nikafungua rekodi ya mazishi ya mama. Sikuwa nimeigusa tangu siku ile. Nikalia, nikafuta macho, nikaanza kazi. Niliikata na kuipanga mpaka kila mguu ukatua na pigo lake. Ngoma nikazileta mbele, vilio vya akina mama nikavileta kutoka upande wa kushoto kama vilivyokuwa, na kinanda nikakitoa kabisa.

Mwongozaji wa filamu, kijana wa Dar, hakukawia kupiga simu.

"Dada, pale kwenye mazishi mbona umetuwekea sherehe?"

"Si sherehe, kaka. Ndivyo tunavyozika."

"Lakini mtazamaji hatajua alie au acheze."

"Afanye vyote viwili. Sisi tunaweza."

"Zishushe basi ziwe kwa mbali. Kinanda kikae juu."

Nikamwambia ngoma zile zilimzika mama yangu, na mimi sizishushi. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, si mtu mbaya. Kisha akasema filamu ni yake. Nami nikasema filamu ni yake, mama ni wangu, kwa hiyo kipande hicho atafute mtu mwingine. Akatafuta, na kinanda kikarudi. Filamu nzima ilipita mikononi mwangu isipokuwa mazishi.

Sasa, wanakijiji walioigiza walikuwa wameahidiwa kuiona kabla ya watu wengine, katika ukumbi wa hapa mjini. Na mitambo ya ukumbini akaombwa nani? Mimi. Nilikubali haraka mno, na kama mwongozaji angenifahamu vizuri angeshtuka. Kinanda chake nilikiacha kwenye njia moja ya mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, ngoma zangu nikaziweka kwenye njia nyingine, vyote vikienda pamoja na picha. Sitasema ilitokea kwa bahati mbaya.

Ukumbi ulijaa watu wa Suma, wa Kyimo na wa Kisondela. Mama mdogo naye alikuja, akavuta kiti mpaka kwenye meza yangu. Alisema anataka kuiona hiyo kazi niliyoshindwa kuiacha hata msibani.

Jeneza likatolewa nje, kinanda kikaanza. Niliwaacha wakisikilize. Wanaume kwenye picha wakaruka na kukanyaga ardhi, kinanda kikadondosha vinoti vyake taratibu, na watoto wakaanza kucheka. Mwanamume mmoja wa Suma, aliyecheza kwenye filamu ile, akasimama.

"Ngoma zetu ziko wapi? Mbona hatusikiki?"

Nikakishusha kinanda mpaka chini kabisa, nikazipandisha ngoma. Kicheko kikakatika. Akina mama ukumbini wakavidakia vilio, na nyuma ya ukumbi miguu ikaanza kugonga sakafu. Mwongozaji, aliyekuwa amekaa mbele na wageni wake, akageuka, akasimama, akanipungia mkono niteremshe. Nilimtazama usoni. Mkono wangu haukutoka kwenye mikisa.

Ndipo kwenye rekodi kikasikika kilio kutoka upande wa kushoto, sauti ya mwanamke anamwita dada yake. Ilikuwa sauti ya mama mdogo mwenyewe. Akaitambua. Akanishika mkono ule ule wa kazi, akaubana kwa nguvu, na mimi nikajua ataniambia nizime. Nikajiandaa kumkatalia kwa mara ya pili.

"Gwe, mwanangu," alisema, macho yakiwa kwenye picha. "Ongeza."

Nikaongeza.