Mbeleko ya Mama Kabla ya Mkasi

Msimu mmoja wa korosho, mwishoni mwa miaka ya tisini, dada yangu aliona jambo ambalo sisi wote tulikuwa tumeliona tukalizoea: mwanamke akiinama kuokota korosho, shingo ya mtoto mgongoni inaning'inia. Dada alikuwa na cherehani barazani kwetu Chuno. Akaamua kushona mbeleko yenye mto wa kushika shingo, mikanda ya mabegani na bizimu ya kufungia.

Alitaka kitambaa laini. Mama akafungua sanduku, akatoa kanga iliyotubeba sote, iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakafifia.

"Kata," alisema. "Mimi nimeshamaliza kuzaa."

Tukacheka. Mkasi ukapita katikati ya maneno.

Tukaipeleka kijiji cha Ziwani, kwenye mashamba ya mikorosho. Wanawake walituketisha mkekani, wakatupa mihogo ya kuchemsha. Dada akawaonyesha mbeleko, akauliza maswali yake yote, nao wakajibu nzuri, nzuri sana. Nani angemjibu mgeni vingine? Asubuhi tukawafuata shambani, na huko adabu ya mkekani ikaisha.

"Dada, hili begi lako linafaa kwenda shule," alisema yule aliyelivaa, mwanawe akilia mgongoni. "Akitaka titi namzungushaje? Na akilala nimtandikie nini, bizimu?"

Wenzake walicheka mpaka wakaacha kuokota. Yeye akalivua, akamfunga mtoto kwa kanga yake, akamtelezesha kwapani hadi kwenye titi, mkono mwingine ukirudi chini kwenye korosho.

Dada alitazama mpaka jua likawa kali. Begi tukamwachia yule mama. Nyumbani dada alishona upya: mkanda mnene tu, wenye vitanzi vya kupitishia kanga yoyote bila kuikata. Shingo ikashikwa, mtoto akazungushika. Wanawake wakaanza kuagiza.

Kisha dada akajifungua. Kwetu, mjukuu wa kwanza hupandishwa mgongoni na bibi yake siku ya arobaini, kwa kanga ileile iliyombeba mama yake. Siku iliyotangulia, mama alikwenda kwenye sanduku kwa mazoea. Nilimwona akitoa nguo mojamoja, akipapasa chini kabisa, kisha mikono ikatulia.

"Nilishasahau," alisema.

Nilikwenda Ziwani mchana uleule. Yule mama alinipa begi huku akiona haya. Lilikuwa limegeuka la kubebea mabibo, matunda ya mkorosho, na maji yake yalikuwa yamelitia madoa ya kahawia kila mahali. Nililisugua kwa sabuni hadi vidole vikachubuka. Doa la bibo halitoki.

Arobaini ilipofika, mama alimbeba mjukuu kwa kanga mpya, bado ngumu, yenye harufu ya dukani, iliyopitishwa kwenye mkanda wa dada. Akainama, akainuka, akapapasa kisogo cha mtoto.

"Shingo imeshikwa vizuri, mwanangu," alimwambia dada.

Dada aliitikia. Kisha akaenda kuketi kwenye cherehani, ingawa siku ile hakuwa na nguo ya kushona.