Mgeni Wake wa Kwanza

Mama yangu hakunielewa hata kidogo nilipompigia kumwambia kwamba likizo ile sitafika nyumbani moja kwa moja, napitia kwanza Nepal kupanda mlima. Akauliza, "Milima ya kwetu imekukosea nini?"

Sisi ni watu wa Taita, tumezaliwa kwenye miteremko, na mtoto wa kwetu hujua kupanda kabla hajajua kuvaa viatu. Kumweleza mama kwamba mtu mzima analipa nauli kwenda kupanda mlima ambao huko juu hana shamba wala mbuzi, angedhani nimerukwa na akili. Basi nikamwambia ukweli wenyewe: "Mama, rafiki yangu anahitaji mgeni." Akasema, "Haya nenda, lakini usije ukaniletea habari za kuokotwa huko mlimani." Ndivyo alivyo mama yangu, hata akikubariki lazima akugombeze kidogo.

Rafiki mwenyewe tulikuwa tumelinda naye jengo moja la ghorofa huko Qatar, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, zamu moja, kwa miaka. Ilikuwa ile miaka ambayo Doha nzima imechimbwa, barabara uliyopita jana leo imefungwa, na kila kiwanja kina geti na kila geti lina soja. Yeye ni Mnepali, mfupi, mpole, akicheka hucheka kwa mabega tu bila sauti. Tuliongea kile Kiingereza cha Doha chenye Kiarabu na Kihindi ndani yake, pamoja na Kiswahili nilichomfundisha mimi, ambacho nusu yake nisingependa mama akisikie. Jengo likitulia alikuwa ananieleza njia ya kwao. Unaanzia vijiji vya msituni, unapanda katikati ya miti yenye maua mekundu, kisha miti inaisha na unatembea juu ya mgongo wa mlima, theluji imesimama mbele yako. Mimi nilikuwa namkatiza. Milima nimeiona, bwana, wacha kunitisha.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Tulilala kambini, Industrial Area, na kabla basi la kampuni halijaondoka tulipangwa mstari. Supavaiza alipita akiuliza kila mtu kama yuko sawa, na jibu lilikuwa moja tu: "Fiti, bosi." Aliyesema anaumwa aliachwa kambini, siku yake ikakatwa, na baadaye angejikuta kahamishiwa geti la mradi fulani huko jangwani, juani kutwa. Kwa hiyo tulijifunza kuficha. Na mimi, si kujisifu, nilikuwa fundi. Ndimi niliyemfundisha rafiki yangu alipokuja akiwa mgeni: ukiwa na homa usinyamaze, mgonjwa hujulikana kwa ukimya. Ongea. Taniana na watu. Cheka hata kama kichwa kinapasuka, kwa sababu hakuna supavaiza anayemshuku mtu anayecheka. Tulivusha homa nyingi hivyo, mimi na yeye, tukifichiana.

Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao na akaapa kwamba Ghuba basi. Alikuwa ameacha mke na binti mchanga, akamkuta binti anatembea na anamkimbia baba yake kama vile ameona polisi. Mjomba wake alikuwa na biashara ndogo ya kuongoza watalii kwenye njia ileile aliyokuwa akinisimulia, na palikuwa na nafasi moja tu. Mjomba akatoa sharti: leta mgeni kutoka nje, umpandishe mpaka juu na umshushe, mimi niko nyuma natazama. Ukimfikisha, kazi ni yako. Upande wa pili wakala wa Kathmandu alikuwa ameshapata viza ya kumrudisha Doha, kampuni nyingine, na alikuwa anadai jibu. Ni mlima au ni Doha tena, hakukuwa na la tatu.

Akanipigia.

"Kaka, wewe si mtu wa nje?"

"Nje ya wapi?"

"Nje ya Nepal."

Nikamwambia hilo siwezi kulikana.

Kijijini kwao hawakuamini kwamba mimi ni mtalii. Mtalii wanamjua: mweupe, mkoba mkubwa, fimbo mbili. Bibi mmoja alinizunguka akinichunguza, akauliza kitu, rafiki yangu akanitafsiria huku mabega yakimtikisika: "Anauliza kama na wewe umekuja huku kutafuta kazi." Nilicheka, lakini haki ya Mungu iliniuma. Basi yeye akaacha kucheka, akamjibu bibi kwa sauti ili na jirani wasikie, akiwa amenishika bega. Nilimuuliza amesema nini. Alikuwa amesema, huyu ni mgeni wangu, amekuja kuona kwetu.

Shemeji, mkewe, alinilisha wali na dengu. Nikimaliza anaongeza, nikifunika sahani kwa mkono anaongeza juu ya mkono. Binti yao kufikia wakati huo alikuwa ameshazoea, analala kwenye mapaja ya baba yake kinywa wazi. Shemeji akaniangalia akauliza kitu kwa upole.

"Anauliza kama utaweza," rafiki yangu akasema.

"Mwambie shemeji mimi ni mtu wa mlima. Mwambie mume wake haendi tena popote."

Akamwambia. Shemeji akaongeza wali.

Tulianza asubuhi. Rafiki yangu mbele, mimi katikati, mjomba nyuma, mzee mkavu wa maneno, mikono kaifunga mgongoni kama anayekagua shamba la jirani. Msitu ule ni mzuri jamani. Miti imevaa kuvu mpaka kwenye matawi, maua mekundu yameanguka njiani hata unaona aibu kuyakanyaga, na ngazi za mawe zinapanda, zinapanda, huoni mwisho. Mimi nilitaka kuzivamia. Rafiki yangu akawa ananizuia kwa maneno yangu mwenyewe: "Pole pole, kaka. Pole pole." Kila tulipopumzika aliniuliza habari ya kichwa, maana ugonjwa wa mwinuko huanzia hapo. Nikajibu fiti. Na kweli siku ile ya kwanza nilikuwa fiti.

Kesho yake tukatoka juu ya miti. Hewa ikawa nyembamba, upepo mkavu, na mimi nikaanza kuhisi kitu nyuma ya macho. Kidogo tu, nikasema ni jua. Tulipofika kwenye kibanda cha kulala, kile kitu kilikuwa kimeshapata nyundo. Chakula kilinikataa. Nilitoka nje na sahani yangu nikijifanya naangalia mandhari, nikampa mbwa wa pale wali wote, nikarudi najipangusa mdomo. Rafiki yangu akauliza, "Kichwa?" Nikamwambia, "Fiti, bosi," tukacheka wote.

Sikuwa nimepanga kumdanganya. Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyojibu salamu.

Asubuhi juu kulionekana vizuri kabisa. Mgongo wa mlima ulinyooka mbele yetu, na mwisho wake vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye kamba, vinapigwa na upepo. Pale ndipo. Mtu angeweza kupiga kelele huku na wa kule akasikia. Nikaanza kuongea. Nilimsimulia habari ya yule mpangaji wa jengo letu aliyejifungia nje akiwa na taulo. Nikamkumbusha mpishi wa kambini na supu yake. Nikaimba kidogo. Nilicheka vichekesho vyangu kabla sijavimaliza, miguu yangu ikienda inakotaka yenyewe, na nikajikwaa mahali ambapo hapakuwa na jiwe.

Rafiki yangu akasimama. Hakugeuka mara moja.

"Kaka, unaongea sana."

"Mimi si huwa naongea?"

"Huwa. Lakini sasa unaongea kama mtu wa mstarini."

Alikuwa amenijua. Akachukua fimbo akachora mstari mavumbini, akaniambia niufuate, kisigino kwenye kidole, kisigino kwenye kidole. Mtihani wa mtoto wa chekechea! Nikaweka mguu wa kwanza, nikaweka wa pili, nikaenda upande kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nikalaumu viatu. Mjomba akasema jambo kutoka nyuma, rafiki yangu akamjibu bila kumtazama, kisha akaniambia, "Tunashuka."

Hapo nikawaka. "We ni mjinga? Vitambaa si vile pale! Nitatambaa kama ni kutambaa."

"Na kushuka utashuka na nini?"

"Utanibeba! Nifikishe tu pale, mzee aone, halafu unibebe. Mtoto wako umesahau? Unataka kurudi Doha kwa sababu ya kichwa changu?"

"Usimtaje mtoto," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na kwa upepo ule hakuwa na haja ya kuyaficha, angeweza kusingizia upepo. Hakusingizia. Alinisogelea mpaka tukawa uso kwa uso. "Mimi ndiye mwongozaji hapa. Leo mimi ndiye supavaiza. Nakuuliza mara moja tu. Unaumwa?"

Miaka yote ile Doha sijawahi kulisema neno hilo mbele ya mtu aliyeniuliza kazini. Lilinitoka kwa shida, kama mfupa.

"Naumwa," nikasema. "Ndugu yangu, naumwa sana."

Nikakaa chini nikalia, mwanamume mzima, juu ya mlima wa watu. Akanivua mkoba, akauvaa kifuani juu ya wake wa mgongoni, akanishika jaketi kwa nyuma kama mtoto anayefundishwa kutembea, tukaanza kushuka. Nilitapika mara kadhaa. Yeye kila mara alisubiri, akanipa maji, hakunigombeza hata kidogo.

Tulipoingia msituni maumivu yakapungua. Tulipofika kijijini kichwa kilikuwa kimepoa kabisa, na nilikasirika vile kilivyopoa. Nilitamani kibaki hata siku moja zaidi, mjomba akione.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, hilo naomba lisemwe. Alikuja jioni akaketi karibu na moto, akapokea chai kwa mikono miwili, akaongea taratibu. Rafiki yangu alikaa katikati yetu akinitafsiria, kwa hiyo hukumu yake mwenyewe aliisoma yeye mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Mjomba alisema mgeni angeweza kupumzishwa kibandani na kujaribiwa tena kesho yake. Mgeni anayelipa hapendi kurudishwa akiwa anauona mwisho, ataondoka na kusema vibaya. Mpwa wake ana moyo mzuri lakini anaogopa haraka. Mwaka ujao wataona.

"Mwambie nilikuwa nakufa," nikasema.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema hukufa."

Nilitaka kumrukia mzee wa watu, kikombe na yote. Shemeji alikuwa anakwangua chungu kule pembeni, na sauti ya kukwangua ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Siku zilizobaki rafiki yangu hakuligusa tena jambo lile. Alinitembeza, akanionyesha mashamba ya viazi, akanifundisha kukamua nyati wao wa kufugwa, nyati akanipiga teke. Tulicheka. Mwaka ujao si mbali, nikajiambia, huenda atapata kibarua kingine hapa hapa, huenda mjomba atalegea. Mtu akitaka kujifariji hakosi la kujiambia.

Asubuhi ya kuondoka kwangu shemeji alitoka na sahani ya shaba. Ndani yake palikuwa na punje za mchele zilizochanganywa na maziwa ya mgando na unga mwekundu. Kwao mtu anayesafiri mbali hupakwa hivyo kwenye paji la uso, pamoja na kuombewa arudi salama. Nikainama, maana mimi ni mrefu na yeye ni mfupi, akanibandika ule mchele wa baridi katikati ya paji, akanivika shada la maua shingoni, akasema maneno. Rafiki yangu akatafsiri: anasema ukifika kwenu umsalimie mama, na usimfiche ukiwa mgonjwa. Nikamwambia asante shemeji, asante sana, nisamehe. Hilo la mwisho sijui kama lilitafsiriwa.

Nikachukua mkoba. Rafiki yangu naye alikuwa amebeba wake, na mimi nilidhani ananisindikiza mpaka kwenye basi tu.

Shemeji hakurudi ndani. Alisogea hatua moja akasimama mbele ya mume wake, akachovya vidole kwenye sahani. Alimbandika mchele polepole, akiubonyeza ushike. Punje moja ikadondoka, akaiokota kwenye kola ya shati akairudisha mahali pake. Halafu akamvika shada la maua kama langu.

Binti yao alikuwa amesimama pale chini akitazama. Alipoona sote tumepakwa, naye akafumba macho akainua uso wake juu, akangoja zamu yake. Mama yake akampaka kidogo.