Mchungaji Kanikataza Kuja na Chochote Jumamosi

Admin nifichie jina, ila usiwafiche watu kwamba anayeandika ni mwanaume mtanashati mwenye maneno mengi. Nina miaka arobaini na mbili, nauza mapazia Kariakoo. Shule niliishia la saba, lakini ukitaka pazia la kufunika dirisha baya mpaka jirani akuonee wivu, unakuja kwangu. Nyumbani ni Buguruni. Naishi na mama Jeni, tuna watoto watatu na upendo wa kutosha, ila ndoa ya kanisani hatujafunga.

Kanisani kwetu, mkiishi pamoja bila ndoa mnatengwa. Hamfukuzwi, mnaimba na sadaka mnatoa, lakini ikifika meza ya Bwana mnabaki kwenye benchi. Miaka yote mimi nilikuwa nachukulia poa. Mama Jeni hachukulii poa. Watu wakianza kupanga mstari kwenda mbele, yeye anainama, anajifanya anafunga kamba za kiatu cha mtoto. Mtoto mwenyewe kavaa kandambili.

Sasa mimi, kwa ujanja wangu wa mjini, nikaamua kuziba hilo pengo kwenye mnada. Ibada ikiisha, vitu ambavyo watu wametoa sadaka, mayai, ndizi, kuku, vinanadiwa pale nje. Hapo ndipo ninapong'ara. Jogoo akinyanyuliwa napandisha bei mpaka wazee wanashika kofia, nampata, halafu nasema kwa sauti, "Narudisha madhabahuni, anadiwe tena!" Vigelegele. Namnunua tena, namrudisha tena. Moyoni nasema, Mungu naye anaona. Jumapili moja mama Jeni akaninong'oneza, "Baba Jeni, muache huyo kuku apumzike. Kashauzwa mpaka hajui yeye ni wa nani."

Ndoa nimeiahirisha mara mbili. Kwanza nilisema tungoje nipake rangi ukuta wa kanisa. Nikapaka. Kisha nikasema bado, ngoja nishone mapazia ya kanisa zima, ndipo nisimame mbele za Mungu nikiwa na uso. Safari hii mama Jeni akaenda mwenyewe kwa mchungaji. Matangazo ya ndoa yakasomwa. Jumamosi hii asubuhi tunafungishwa ndoa, Jumapili tunarudishwa kundini na kushiriki meza.

Nikamfuata mchungaji.

"Bwana asifiwe mchungaji. Jumamosi nije na nini?"

"Amina. Njoo na mama Jeni na wasimamizi wenu."

"Hiyo najua. Nauliza kwa upande wa Mungu."

"Hakuna."

"Mapazia yameshakamilika, mchungaji. Ya velveti."

Akacheka, akanishika bega. "Mapazia lete siku nyingine yoyote. Jumamosi usilete kitu. Neema ndiyo hiyo, ndugu yangu. Kristo ameshamaliza, wewe unapokea tu."

Jamani, tangu hapo situlii. Mimi ni mtu wa Kariakoo. Mtu akikuambia chukua bure, unakigeuza hicho kitu unatafuta kilipotoboka. Nilipolazwa, majirani waliniletea uji hospitali. Nilivyotoka tu kila mmoja nikampelekea pazia, hata yule ambaye chumba chake hakina dirisha. Chai ya kijiwe kizima nanunua mimi. Mtu akiniwahi kulipa, siku hiyo nakosa raha, natembea najikunakuna. Sasa huyu Mungu kaniwahi kwa jambo kubwa namna hii, halafu natakiwa nikae kimya nile?

Juzi nikamwambia mama Jeni tusogeze mbele mwezi mmoja tu. Alikuwa anapiga pasi gauni lake la Jumamosi. Akaiweka pasi pembeni.

"Tusogeze ili iweje?"

"Nijiweke sawa kidogo."

"Wewe hujawahi kusema asante ukanyamaza. Lazima uongeze kitu."

"Si ndio moyo wangu, mke wangu?"

"Ni moyo, sikatai. Lakini mimi nina njaa ya ile meza, baba Jeni, na wewe unanizibia kwa mapazia yako. Jumamosi nitakuwa pale. Ukija na mzigo, au usipokuja, nachukua wanangu narudi kwetu Njombe. Sikai tena kwenye benchi nakungoja wewe ustahili."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua namna ya kumtania. Akaendelea kunyoosha mikono ya gauni, taratibu, kama mtu ambaye safari keshaimaliza kuipanga.

Leo mchana nimefunga duka, nikakatiza mitaa ya Gerezani mpaka kanisani kufanya mazoezi ya kusimama. Hakukuwa na mtu ila mama mmoja anafagia. Njiani tayari nilikuwa nimenunua karanga, sijui hata za nini, nikampa yeye. Nikaenda mbele. Nikaanza, "Mungu, mimi ndiye yule wa rangi ya ukuta..." Nikaona aibu. Nikajaribu tena, nikajikuta namtaja jogoo. Nilipoishiwa vya kutaja nikabaki nimesimama tu, mimi huyu mwenye maneno mengi. Nikahisi kama kuna kitu kinanisogelea, kizuri, na ndicho kilichonitisha. Nikatoka mbio. Yule mama akaniuliza, "Kaka, umeibiwa?"

Wapendwa, Jumamosi ni keshokutwa. Mama Jeni nampenda, na Mungu pia nampenda, msinione mhuni. Mnaoyajua mambo ya neema nishaurini, nifanyeje? Ila asije mtu kuniambia nijitahidi. Kujitahidi ndiko kulikonifikisha hapa. Aliyewahi kupewa bure kabisa akatulia, aniambie alitulia vipi.